Maji Yalipokomea kwenye Mkomamanga

Juzi mvua ilinyesha hapa Jidda, ile mvua ya kushtukiza inayofunga barabara na kuwafanya watu wapige picha badala ya kwenda kazini. Madam alinituma nje nikatazame kama maji yameingia kwenye gereji. Hayakuwa yameingia, lakini sikurudi ndani. Nilisimama kwenye geti la nyumba yetu ya Aziziya nikitazama kiwanja kitupu cha jirani, ambapo dimbwi kubwa lilikuwa linapungua bila kwenda popote. Mtaro hakuna, jua hakuna, na bado linapungua. Nikachukua mpini wa ufagio, nikauchomeka pembeni mwa dimbwi nione unyevu umeshuka kiasi gani. Madam aliponiita mara ya pili nilikuwa nimechutama, viatu vimejaa tope, na nadhani alikuwa ameanza kujiuliza amemleta mtu wa namna gani nyumbani kwake.

Angemuuliza mama yake. Ugonjwa huu wa kufuatilia maji yanakokwenda niliupatia Riyadh, kwa mama huyo huyo, wakati nilipokuwa nikifanya kazi kwa kaka yake madam.

Mimi ni mtu wa Taveta. Kwetu mvua ni ya kubahatisha, lakini chemchemi zipo, na maji yake huletwa mashambani kwa mifereji, kila shamba na zamu yake. Baba yangu mzazi alikuwa na migomba na nyanya kwenye udongo mweusi, ule unaopasuka ukikauka mpaka mguu wa mtoto unazama kwenye ufa. Zamu yetu ilipofika hakuyafungulia maji yote. Aliyaachia kidogo tu kati ya matuta, yakatembea mwendo wa mtu aliyeshiba, naye akatembea kando yake mikono ikiwa nyuma. Alikuwa akisema udongo huu ni wa kunyweshwa taratibu, ukiumiminia utakutapikia barabarani na majirani wakuletee kesi. Mwisho alichomeka kijiti ardhini, akakitoa, akakitazama, akaenda zake nyumbani. Nilikua nikiamini kwamba hivyo ndivyo maji na udongo vinavyoishi duniani kote. Sikuwa nimewahi kuona mchanga ukinywa.

Riyadh tulikaa mjini siku za kazi, na ikifika Alhamisi jioni familia nzima ilihamia shambani, mazraa kama wanavyosema wao, nje ya mji upande wa Kharj. Shamba lenyewe lilikuwa zaidi la kukaa na wageni na kuchoma nyama kuliko la kulima. Ila nyuma ya nyumba, kutoka kwenye birika la saruji hadi ukuta wa mpakani, kulikuwa na ukanda mmoja wenye mifereji michache mirefu, na ukanda huo ulikuwa wa mama kabiri. Ndivyo sisi wafanyakazi tulivyomwita, mama mkubwa, mama yake baba mwenye nyumba. Alikuwa mjane, magoti yanamsumbua, na mjini alishinda chumbani kwake chini ya kiyoyozi akilalamikia televisheni. Akifika shambani alivua viatu na kuwa mtu mwingine. Kule kwenye kichwa cha mifereji, karibu na birika, alikuwa na rehani, ile mimea ya majani yanayonukia, na jarjiri, yale majani makali wanayoyala na nyama. Chini kidogo nyanya. Katikati ya ukanda ulisimama mkomamanga wa zamani. Kuanzia mkomamanga hadi ukutani ulikuwa mchanga mtupu tu.

Mchanga huo alinipa mimi. Ijumaa moja alinikuta nimeacha kuosha vyombo, nimeshika kiuno, natazama maji yakiingia kwenye mfereji. Akaniuliza kwa Kiarabu chake cha polepole, alichokitengeneza maalumu kwa ajili yangu, kama kwetu tunalima. Nikamwambia tunalima, na kwa mifereji. Akaonyesha kwa kidevu kule mwisho, akasema, "Mkia ule ni wako, binti. Panda unachokula."

Ninachokula ni sukuma wiki. Wali wao na nyama yao ni chakula kizuri, sina neno nacho, lakini kuna siku ulimi unachoka na kuanza kudai kwao. Rafiki yangu aliyekuwa amerudi kutoka likizo Kenya aliniletea pakiti ya mbegu, imekaa katikati ya unga wa ugali na majani ya chai. Nikapanda. Ilikuwa majira ya baridi, wakati ambao hata Riyadh ardhi ina huruma. Zikaota kwa maji niliyoyabeba kwa ndoo, nami nikajiona mwenye shamba. Kisha miche ikafika urefu wa kiganja na kugoma. Majani yakawa na rangi ya kijivu, kingo zikajikunja.

Wakati huo huo mambo mawili yalitokea. Mfanyakazi wa shamba, Mbangladeshi mmoja mpole aliyekuwa akifungua na kufunga maji, alikwenda likizo kwao, na kazi yake ikaniangukia mimi na mama kabiri. Na kisima kikaanza kukohoa. Pampu ilitoa maji, ikatoa hewa, ikatoa maji tena, mpaka ikabidi birika lijazwe kwa lori la maji. Baba mwenye nyumba alisimama akiangalia lori hilo likimwaga, kisha akamtazama mama yake akifungulia maji yale yale yapotelee mchangani, na uso wake ukabadilika.

"Mama, tunamwagilia jangwa," alisema. "Maji yanaingia hapa, kule mwisho hayafiki, na hakuna anayejua yanakwenda wapi. Nitaweka vigae kuanzia birika hadi ukutani. Tutapata mahali pazuri pa kukaa wageni."

"Nikifa weka vigae mpaka kaburini," mama kabiri akamjibu.

Baba alicheka akambusu kichwani, maana hakuwa mtu mbaya, lakini hakurudi nyuma. Wakakubaliana hivi mbele yangu: birika moja kwa wiki, basi, mpaka Mbangladeshi arudi. Ikiwa birika moja litatosha kuweka mimea hai, ukanda utabaki. Ikiwa maji yataendelea kupotea, fundi wa vigae ataitwa. Mama kabiri akasema sawa. Baba alipoondoka, yule mama alikaa kwenye kiti chake cha plastiki kando ya birika, mikono imelala mapajani. Nikaelewa kwamba kwake hiyo haikuwa bustani. Ilikuwa sababu ya kungojea Alhamisi.

Basi nikaamua kumsaidia kwa elimu ya Taveta. Nilifungua valvu kidogo sana, maji yakatoka kama ya kunawia mikono, nikamwambia atulie aone. Maji yakapita rehani vizuri. Yakapita jarjiri. Kwenye nyanya yakaanza kusitasita. Yalipofika chini ya mkomamanga yakasimama.

Nasema yakasimama, na ningependa ulielewe neno hilo kama nilivyoliona. Hayakukauka. Kule juu yalikuwa bado yanaingia, nayasikia. Lakini ule uso wa maji, pale mbele kabisa penye povu na vipande vya majani, ulikuwa haupigi hatua. Niliweka njiti ya kiberiti mbele yake. Nikangoja. Njiti ikabaki kavu. Kitu kinaingia, hakitoki, wala hakijai. Nilikuwa nimezoea maji yanayomwagika na maji yanayotuama, lakini maji yanayotembea huku yamesimama sikuwa nimeyaona, na nilisahau kabisa kwamba kulikuwa na sahani za watu wengi zinaningojea jikoni.

"Haba na haba hujaza kibaba," nikamwambia mama kabiri kwa Kiswahili. Akanijibu kwa Kiarabu jambo ambalo kwa sauti yake nilidhani ni methali hiyo hiyo. Tukaendelea kuiamini methali mpaka birika likaisha.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Baba alisema ni jua linayanyanyua, ingawa siku hiyo kulikuwa na mawingu na mimi nilikuwa nimevaa sweta. Mama kabiri alisema ni mitende ya jirani, inapitisha mizizi chini ya ukuta, na kwamba familia ile tangu zamani ina tabia hiyo. Mimi nilisema ardhi imeinuka kule mkiani. Nililala kifudifudi kwenye mchanga kuipima kwa jicho, nikakuta inateremka, tena vizuri tu.

Asubuhi yake nilichukua chuma cha mishikaki jikoni. Sikuwa na hakika natafuta nini. Nilikuwa nakumbuka tu kijiti cha baba yangu. Nikaanzia mkiani kwenye sukuma zangu: chuma kikaingia kidogo kikakwama, kikitoa ile sauti ya mchanga mkavu inayosumbua meno. Pale mkomamanga kiliingia kina cha kidole, kikakwama. Kwenye nyanya kiliingia nusu. Kwenye rehani, pale kichwani, kilizama chote hadi kwenye mpini bila kuulizwa. Nikakichomoa, nikakizamisha tena pembeni. Kikazama tena.

Nyuma ya birika kulikuwa na vipande vya nondo vilivyoachwa na wajenzi. Nikavuta kimoja, nikakishika kwa mikono miwili, nikakisukuma pale pale kwenye rehani. Kilishuka. Nikasukuma tena, kikashuka, mpaka kilichobaki juu ya ardhi kilikuwa kifupi kuliko kilichokuwa chini, ndipo nikasikia kinagusa ukavu. Nikacheka peke yangu. Maji hayakuwa yamepotea. Hayakupaa kwa jua wala hayakuibiwa na mitende ya mtu. Yalikuwa chini yetu, yameshuka wima kama mtu aliyeingia kisimani, chini kuliko mzizi wowote wa rehani utakavyowahi kufika. Nilifurahi sana kwa kujua, kisha furaha ikapungua nilipofikiri kwamba kule chini hakuna wa kuyafuata.

Nilimaliza wiki nzima mjini nikiliwaza jambo hilo huku napiga pasi. Kila kipande cha mfereji kinakunywa kwa muda wote ambao kina maji juu yake. Kichwa ndicho kinachoyapata kwanza, na ndicho kinachoyaaga mwisho, kwa hiyo kinakunywa kupita wote. Udongo wa kwetu hunywa polepole, kwa hiyo ukiyapeleka maji taratibu yanafika mwisho bado yapo. Huu mchanga unakunywa kwa pupa. Ukiyapeleka taratibu, kila kinachoingia kinanywewa njiani na hakuna cha kusonga mbele. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini kibaba chenyewe kiwe na kitako. Kosa lilikuwa langu na la baba yangu, ingawa yeye alikuwa na udhuru wa kutowahi kufika Riyadh.

Siku hizi nikienda kusalimia watu mtaa wa Hindawiya Ijumaa, kuna bibi mmoja wa Kizanzibari, familia yao wako Jidda tangu baada ya mapinduzi, ambaye hupenda nimsimulie habari hii halafu anifanyie mzaha. "Nyie watu wa bara mna mambo," huniambia. "Maji yanakwenda chini, mwanangu. Siku zote yakenda chini. Ulitaka yende wapi?" Ana haki. Ila jibu langu ni kwamba suala si kwenda chini. Suala ni chini kiasi gani, na mahali gani.

Ijumaa iliyofuata nilimwonyesha baba nondo. Niliogopa atasema hiyo ndiyo hoja yake, maji yanapotea. Hakusema. Aliishika mwenyewe, akaisukuma kwenye rehani, akaisukuma kwenye nyanya, akarudi kwenye rehani. Nikaona kwenye uso wake ule ugonjwa wangu ukianza. Akaniuliza, "Na tukiyafungua yote kwa mara moja?" Ndilo nililokuwa nimelifikiria, nikafurahi limetoka kinywani mwake, maana wazo la bosi halina haja ya kutetewa.

Tukayafungua yote. Sijui kama umewahi kumwona mwanamume mzito katika kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na mkono wako mwenyewe akikimbia kando ya mfereji, simu mkononi akipima muda, akipiga kelele, "Yalla, yalla," kwa maji. Kwenye nyanya tuta likabomoka. Nikaziba kwa mguu huku nikivuta mchanga kwa jembe. Maji yakafika mkomamanga yakiwa bado na nguvu, yakaupita, yakaanza kuchoka. Birika lilikuwa limefika nusu. Na hapo ndipo adhana ya alasiri ilipotoka msikitini.

"Halas. Funga," mama kabiri akasema.

Huo ulikuwa utaratibu wake tangu zamani. Hakuna kinachoachwa kikitiririka, kikichemka wala kikiunguruma wakati watu wanasali. Mimi ni Mkristo, na nilikereka. Maji yako njiani, mkia unaonekana pale, tunafunga? Nilitaka hata kumwomba baba aniruhusu nisimamie peke yangu. Lakini aliyesema ni mama, na mwanawe hakuthubutu kufungua mdomo, sembuse mimi. Nikafunga. Wakaenda kutawadha, wakatandika mikeka, na mimi nikachutama kwenye mfereji nikiangalia kazi yetu ikizama mchangani.

Nilikuwa na hasira, lakini macho hayakuacha kutazama. Maji yalipokuwa yanamalizikia niliona vumbi laini, lililokuwa likielea, likitua chini. Lilitandaza utando mwembamba juu ya mchanga, laini kama sakafu iliyotoka kusilibwa. Niliugusa kwa kidole. Ulikuwa umeshikana.

Waliporudi nikafungua tena. Maji yakashuka, na safari hii hayakuwa yale maji niliyoyajua. Yaliteleza juu ya ile sehemu iliyokwisha kulowana, haraka, kwa urefu wote, yakaupita mkomamanga kabla baba hajamaliza kukunja mikono ya kanzu. Sehemu iliyokuwa imenywa haikutaka tena kunywa kwa pupa. Baba akatazama simu yake, akanitazama.

"Umefanya nini?"

"Mimi sikufanya kitu, baba," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyesali."

Mama kabiri alicheka mpaka akashika goti. Kisha akatueleza, baba akinifafanulia yale niliyoyakosa, kwamba kwa babu yake maji yalitolewa kisimani kwa ndoo za ngozi zilizovutwa na ngamia. Hayakuja mfululizo. Yalikuja funda kwa funda, na ngamia alipopumzika mfereji nao ulipumzika. Hakuna aliyewaza kwamba kupumzika kulikuwa sehemu ya kazi. Pampu zilipokuja kila mtu akafurahi kwamba maji hayakatiki. Alisema hayo huku akikitazama kichwa cha mfereji, na kwa mara ya kwanza tangu habari ya vigae ianze nilimwona ana matumaini.

Tangu hapo tukafanya hivyo kwa makusudi. Tunafungua yote, tunafunga, tunakunywa chai, tunafungua tena. Kila wiki nilipita na nondo asubuhi yake. Kwenye rehani kina kilianza kupungua, kwenye nyanya na mkomamanga kikaongezeka. Nyanya zilijua kabla yetu, zikatoa maua. Na Ijumaa moja, sehemu ya mwisho kabisa ya birika lile moja ikaingia kwenye mstari wa sukuma zangu, ikapita mche baada ya mche, ikagusa ukuta.

"Tamam," baba akasema. Alimgeukia mama yake. "Bustani imebaki."

Ningefurahi mambo yakiishia hapo. Lakini baba alikuwa ameshaambukizwa. Asubuhi yake alikuja na kikombe cha kahawa, akaniambia, "Leta chuma. Nataka kuona yamefika wapi hasa." Mama kabiri akaja nyuma yake akijikokota kwa fimbo.

Nikaanzia kichwani. Nondo ikashuka, bado mbali kuliko mahali pote, maana kichwa ni kichwa. Kwenye nyanya ikashuka kina cha kutosha mizizi na zaidi kidogo. Kwenye mkomamanga vizuri. Kila nilipopiga hatua kutoka hapo ilikuwa inapungua, na nilikuwa nakijua kinachokuja, kwa sababu nilikuwa nimechungulia mapema kwa chuma cha mishikaki wakati wao bado wamelala. Kule mkiani maji yalikuwa yamepita juu tu. Yaligusa ukuta, ndiyo, kisha yakaisha kabla mchanga haujapata nafasi ya kunywa. Kwa macho palikuwa pamelowa pazuri. Chini ya ule weusi, ukavu ulianza pale pale.

Niliposimama kwenye sukuma zangu nilijaribiwa. Mchanga mkavu si mwamba. Mtu mwenye mikono iliyozoea jembe akiegemea nondo kwa uzito wake wote, itaingia, na anayemtazama hatajua imeingia kwa maji au kwa ubavu. Nilikuwa nimezipenda zile sukuma kuliko inavyofaa kupenda mboga. Zilikuwa kitu pekee katika nchi hii nilichoweza kukiita changu bila kuangalia nyuma. Na nilikuwa tayari nimekunja mikono ya nguo.

Lakini tulikuwa tumefika hapo kwa kuuliza maji yanakwenda wapi. Nikidanganya sasa, ningekuwa nimeliuliza swali lile ili nipendeze watu tu. Nikaisukuma nondo kwa nguvu ile ile niliyotumia kwenye rehani. Ikakwama.

"Hapa mafi, hakuna kitu," nikasema. "Yamepita juu."

Baba akatikisa kichwa, akapima kwa macho umbali wa kutoka hapo hadi kwenye mti. Akasema basi tufupishe mifereji iishie kwenye mkomamanga. Birika litatosha, tena litabaki. Vigae vitawekwa kutoka mkomamanga hadi ukutani, kila mtu apate chake. Akamwuliza mama yake anaonaje.

"Sawa," mama kabiri akasema. Hakufikiri hata kidogo. Sawa, akageuka na fimbo yake kwenda kunywa kahawa.

Iliniuma sana. Nilijua hesabu ile ilikuwa ya haki, na aliyeitoa ni mimi, lakini nilitaka angalau asite. Mkia ule alinipa yeye kwa kidevu chake mwenyewe. Nikauvunja mfereji chini ya mkomamanga kwa jembe, nikajenga ukingo, kila pigo likiwa na jina la mtu. Kisha nikazichuma sukuma zote, ndogo na kubwa. Nilipozikaanga na kitunguu na nyanya, nikasonga ugali, mama kabiri alikuja jikoni akavuta kiti. Akachovya kwa vidole, akala, akaniuliza, "Ndiyo hii?" Nikamwambia ndiyo hii. Akala tena. Hakusema ni tamu, hakusema ni mbaya. Nikazidi kununa, na nilinuna wiki nzima mjini, nikimjibu ndiyo na hapana tu. Rafiki yangu aliyeniletea mbegu nilipompigia simu alisema, "Kwani wewe uko serious? Unamnunia bosi kwa sababu ya mboga?" Nikamkatia simu.

Tuliporudi shambani Alhamisi mafundi walikuwa wameshaweka vigae. Vilikuwa vizuri, vya rangi ya kahawia, na baba alikuwa akiwaonyesha watoto mahali jiko la kuchomea nyama litakapokaa. Sikutaka kuviona. Niliingia moja kwa moja jikoni kupanga vitu vilivyotoka mjini.

Ijumaa asubuhi nilitoka kumwaga maji ya kuoshea mchele, nikamkuta mama kabiri amekaa chini. Si kwenye kiti, chini kabisa, mtu mwenye magoti yale, miguu ameinyoosha kwenye mfereji mkavu pale kichwani karibu na birika. Alikuwa anang'oa rehani. Alikuwa ameng'oa karibu yote, imerundikana pembeni, na harufu yake imejaa uwanja mzima.

Nilimkimbilia nikidhani amechanganyikiwa. Nikamwuliza anafanya nini na rehani yake.

"Rehani nimeinusa maisha yangu yote," alisema bila kuinua kichwa. Akapigapiga mchanga kwa kiganja. "Hapa ndipo maji yanaposhuka kuliko pote. Wewe mwenyewe umepima. Mbegu zako zimebaki?"

Zilikuwa zimebaki kidogo kwenye pakiti. Nikamwambia ndiyo.

"Zilete. Chakula chako kikae mahali penye maji."

Nilizileta. Nilipiga magoti kando yake nikaanza kuchora mstari kwa kidole, na nililia, sikuweza kujizuia, machozi yakawa yanadondoka kwenye mchanga. Alinivumilia kidogo. Kisha akanisukuma begani kwa kiwiko, akasema nisogee pembeni kama nataka kuendelea, kwa sababu maji ya chumvi hayafai kwa mboga.